Kigoma Jua Huchelewa

Prodyuza alishuka kwenye ndege picha yote ikiwa tayari kichwani mwake. Kabla hata hatujapakia mabegi ya kamera, alikunja vidole akatengeneza fremu mbele ya jicho moja, akaniuliza, "Ziwa liko upande gani?" Nikamwonyesha. "Basi nyuma ya mtangazaji nataka maji matupu. Watu wajue tupo Kigoma kweli, si porojo."

Ilikuwa Ijumaa, 23 Julai 2021. Jumapili yake Simba na Yanga walikuwa wanakutana Uwanja wa Lake Tanganyika, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na mji ulikuwa umeshajaa. Mimi mwenyewe nililaza binamu wawili sebuleni, mmoja Simba mmoja Yanga, na usiku niliwasikia wakibishana hadi taa ilipozimwa, kisha wakaendelea gizani.

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa mkoani wa kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam. Jina lake naliacha. Mwandishi wa mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka ni nauli yako umeitupa. Na mimi wiki tatu nyuma nilikuwa nimeitupa ya kwenda na kurudi Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, wanapoegesha mitumbwi. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda tangu mwaka uliotangulia, yakala ufukwe, na pamoja na ufukwe yakala nusu ya uwanja wa vijana wa mwaloni. Hawakuhama. Goli moja lilibaki nchi kavu, la pili miti yake miwili ilikuwa imesimama majini, na golikipa wake, mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, alidaka akiwa ameloa hadi magotini. Mpira ukimpita anaufuata kwa kuogelea. Nilipiga picha asubuhi nzima, nikatuma, nikasubiri. Deski la michezo likanijibu kwa WhatsApp: "Nzuri sana. Ila haina Simba wala Yanga."

Nilikasirika, sikatai. Lakini ukikaa kwenye kiti cha yule mhariri unamwelewa. Taarifa ya saa mbili ina dakika chache za michezo, tena mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kunawa mikono. Simba watoke mazoezini, Yanga watoke mazoezini, Ulaya kidogo, muda umekwisha. Goli lililomezwa na maji litakaa wapi hapo?

Na vituo kama chetu vilikuwa na shida nyingine: mpira wenyewe haukuwa wetu. Mwezi Mei mwaka huo Azam TV walikuwa wamesaini na TFF, shirikisho la soka la nchi, mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6, na fainali hii nayo ilikuwa yao. Kamera yetu mwisho wake getini. Sisi tungeonyesha kila kitu isipokuwa mpira: ngoma, foleni, jezi za kuchorwa usoni, wachambuzi wanaobishana. Ndiyo maana kituo kikaamua kuleta nusu ya studio Kigoma. Kama huna mechi, angalau uwe na mahali.

Nilimuuliza prodyuza kwa nini wasiweke tu picha ya ziwa nyuma ya msomaji kule kule Dar, maana studio yao ilikuwa na kile kitambaa cha kijani. Akacheka. "Mdogo wangu, watu wamekishtukia kitambaa. Nywele za msomaji zinakatika pembeni kama zimetafunwa na panya."

Jumamosi tukajaribu. Tulipata baraza ya gesti moja iliyo mteremkoni, ziwa lote chini yako, milima ya Kongo ng'ambo. Ratiba aliiandika yeye: saa kumi na mbili na nusu jioni, kionjo cha taarifa, anga jekundu, jua limeshazama. Hiyo ni ratiba ya Dar. Saa zetu ni moja lakini jua siyo moja. Julai linawazamia wao karibu dakika arobaini kabla halijatuzamia sisi. Saa kumi na mbili na nusu Kigoma jua lilikuwa limekaa juu ya milima ya Kongo, linatazama ndani ya lenzi kama mdai.

Dada mtangazaji akasimama mahali pake. Kwenye kioo cha kamera uso wake ukawa mweusi tititi, kitako cha sufuria. Mpigapicha akafungua lenzi uso uonekane. Ziwa likageuka shuka jeupe, hakuna maji wala milima. Akaibana ziwa lirudi, mtangazaji akatoweka. Wakawasha taa mbili walizokuja nazo, zikawa kama vibatari mbele ya jua lile. Walihangaika hivyo mpaka saa moja kasoro, dada wa watu anafuta jasho na kupaka poda upya, na prodyuza akafuta kionjo kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. "Usijali, kaka. Kesho saa mbili utaona raha. Wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao, ziwa zima linakuwa kama mji." Nilisema kwa kifua mbele, mtoto wa nyumbani. Wala halikuwa uongo. Nilichosahau ni kwamba baba yangu mdogo, mvuvi wa miaka mingi, wiki ile nzima alikuwa nyumbani anashona nyavu, na nilikuwa nimempita mlangoni asubuhi ile ile nikamwamkia.

Mechi yenyewe niliisikia tu. Mukoko Tonombe wa Yanga alipewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na dakika ya 79 Taddeo Lwanga akaifungia Simba kwa kichwa, moja bila. Mimi nilikuwa nje, kamera inatazama ukuta, kelele zinapanda upande mmoja na upande mwingine unanyamaza, na sikujua nani kafunga mpaka muuza karanga mwenye redio alipotupa kapu lake juu.

Saa mbili kasoro dakika tano tukawa barazani. Giza. Si giza la kupendeza, giza la stoo. Kwenye kidude cha sikioni nilimsikia mwongozaji wa Dar: "Kigoma, mko ndani au nje?"

Prodyuza akanigeukia taratibu. "Taa ziko wapi?"

Ndipo nikamkumbuka baba mdogo na nyavu zake. "Ni mbalamwezi, kaka. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa. Wavuvi hawaingii."

Akatazama juu, akatazama ng'ambo. "Na huo mwezi wenyewe uko wapi?"

"Bado haujachomoza."

Nadhani kama si zile dakika tano angenipiga. Badala yake alinyanyua kinara cha kamera mwenyewe na kukimbia nacho barabarani, sisi nyuma, waya zinaburuzika. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa anakaanga migebuka chini ya balbu yake, amezungukwa na jezi nyekundu. Nikamwomba. "Simameni tu, wanangu," akasema, "lakini mwambie huyo dada asogee huku, mafuta yatamrukia." Na nakwambia ile picha ilikuwa nzuri kuliko ziwa: moshi, uso umeng'aa, samaki wanalia kwenye karai, kijana anacheza na sahani kichwani. Prodyuza alianza kutabasamu.

Tulikuwa tunarusha kwa lile begi la mgongoni lenye laini kadhaa za simu, linalogawa picha vipande vipande na kuipitisha kwenye mitandao yote kwa mara moja. Siku za kawaida Kigoma lilifanya kazi, ukivumilia kwamba swali la Dar linakufikia sekunde kadhaa baadaye na jibu lako nalo linachelewa kurudi. Usiku ule kila mtu mjini alikuwa anatuma video ya goli. Dada akasema "Habari za jioni kutoka Kigoma, ambako..." na picha ikawa miraba miraba, kisha ikaganda akiwa amefumbua mdomo.

Sikioni Dar walikuwa wanapiga kelele. "Wekeni kitu! Chochote cha Kigoma!"

Dukani pembeni palikuwa na televisheni, wameweka kituo chetu. Nikageuka na kuona maji, miti miwili imesimama ndani yake, na mtoto aliyeloa hadi magotini akirukia mpira. Ilikuwa habari yangu. Haikukatwa, haikusomewa maneno, mlio wa maji tu na watoto wakicheka, sekunde arobaini hivi katikati ya taarifa kubwa ya usiku wa Simba na Yanga. Watu dukani wakanyamaza. Mmoja akasema, "Huyo kipa ni hatari." Chini, kwa herufi nyeupe, waliandika: WATOTO WAKICHEZA SOKA ZIWANI, MWANZA.

Kesho yake nilipita Kibirizi kumsindikiza prodyuza kununua dagaa wa kupeleka nyumbani. Golikipa alinikimbilia kutoka mbali, maji yanamchuruzika.

"Kaka, tumeonekana! Mpaka bibi ametuona!" Akasimama, akapumua. "Ila mbona wametupeleka Mwanza?"

Nikamwambia nitawapigia warekebishe. Nikapiga pale pale, yeye amesimama ananisikiliza. Mhariri alipokea, akanishukuru kwa kazi ya wikiendi, akaniuliza kama nimebaki na picha za mashabiki wa Simba wakiondoka na treni.