Uzi wa kwenda Dubai

Mwaka 2017, dada yangu alipopata kazi Dubai, nilikuwa kidato cha tano na jiografia ilikuwa imenipanda kichwani. Kwetu ni Bombo, mji wa kambi ya jeshi nchini Uganda. Mzee ni mwanajeshi mstaafu, Kiswahili cha kambini ndicho kilichotulea, na mama aliuliza kwa Kiswahili hichohicho: "Atakaa angani muda gani?"

Mzee akashika tiketi. Kuondoka 16:20, kufika 22:25. "Saa sita na dakika tano," akasema, kesi imekwisha. Nikamwambia Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Wao wakisema saa nne usiku, sisi ni saa tatu. Kwa hiyo ni saa tano na dakika tano. Akanitazama kama kuruta aliyejibu bila kuulizwa.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimepatia. Lakini nilikuwa nimeazima tufe la dunia shuleni, nikachukua na uzi mwekundu wa mama wa kushonea. Ramani ya ukutani hudanganya kwa safari ndefu; juu ya tufe, uzi ukivutwa ukakaza hujitafutia wenyewe njia fupi. Ulipita jirani na Addis Ababa, ukakata Jibuti, Yemen, kisha jangwa la Saudia. Halafu kalkuleta. Entebbe, uwanja wa kuondokea, inampunguzia mtu kazi: iko karibu kabisa juu ya ikweta, hivyo fomula ndefu inabaki kosaini mbili za kuzidisha, ya latitudo ya Dubai, 25.25, na ya tofauti ya longitudo, 22.9. Nikapata digrii 33.6. Kila digrii ni kilomita 111, jumla 3,730 hivi. Nikagawa kwa 850, mwendo wa ndege kwa saa. Saa nne na dakika 23! Nikaandika kwa wino nyuma ya kalenda, nikapigia mistari miwili. Mama aliamini wino.

Siku yenyewe tulimwacha uwanjani mapema, tukarudi na foleni ya Kampala. Usiku mama aliketi kando ya sigiri, simu mapajani, kalenda imegeuzwa. Kwa hesabu yangu dada alikuwa anatua saa mbili na dakika 43. Ilipofika saa tatu alianza kuibonyeza simu ili aone mwanga tu. Chai ilichemka mpaka ikamwagika, na mama ndiye aliyekuwa amekaa karibu nayo.

"Umesema saa mbili."

Ndipo nikaanza kujitetea. Ndege hairuki kutoka ardhini na mwendo wa 850. Hupanda polepole, hushuka polepole. Tena saa za tiketi huhesabiwa tangu inapoachia maegesho mpaka inapoegesha, na kutambaa barabarani kote kumo. Halafu Yemen kuna vita, mashirika mengi yanazunguka.

"Na hiyo vita hukuiona kwenye uzi?"

Mzee, tiketi bado mfukoni mwa shati, hakusema neno. Nilitamani aseme.

Saa nne na robo simu ikalia. Ujumbe ulikuwa mfupi: amefika, yuko kwenye mstari wa pasipoti, joto kama tanuri. Mama aliusoma mara tatu. Kisha akauchukua uzi wake mezani, akaukunja kidoleni taratibu.

"Mkataba ni miaka miwili," akasema. "Kurudi, uzi ni huuhuu?"

"Ndiyo, mama."

Akauchoma sindano, akauweka pembeni ya kabati.