Kwa Pikipiki hadi Ironbridge

Septemba 2019 niliendesha pikipiki peke yangu kutoka Chester hadi Ironbridge, Shropshire, Uingereza, kwenda kulitazama daraja kubwa la kwanza la chuma duniani. Ni kilomita 90 hivi: barabara ya A483 hadi Chirk, A5 hadi Shrewsbury, halafu B4380 inayoandamana na Mto Severn. Safari ni fupi, lakini ilibaki kidogo inigharimu giaboksi kwa ajili ya mnyororo uliokazwa kupita kiasi.

Jioni iliyotangulia nilibadilisha tairi la nyuma. Nilipolirudisha gurudumu nikauacha mnyororo na mchezo, yaani nafasi ya kulegea, wa milimita 25, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni, bila mzigo. Kipimo cha pikipiki hiyo ni milimita 25 hadi 35, nikaona inatosha. Makosa yalikuwa mawili. Mnyororo uliokwisha kutumika haulegei sawasawa mzunguko mzima, na mimi nilipima sehemu moja tu, tena iliyolegea. La pili ni mzigo. Mabegi na uzito wa mwendeshaji hubonyeza shoki, ekseli ya nyuma hupanda, na mnyororo huzidi kuvutika hadi sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo), bawaba ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ukikosa nafasi hapo, nguvu yote huishia kwenye beringi ya shafti ya giaboksi, na beringi hiyo haifikiwi mpaka injini ifunguliwe.

Baada ya Oswestry nikaanza kusikia mlio mwembamba kutoka nyuma. Namna ya kuutambua ni rahisi: shika klachi, acha pikipiki iserereke. Injini ilishuka hadi mzunguko wake wa chini kabisa, mlio ukaendelea kufuata mwendo wa gurudumu. Basi si injini. Nilisimama Wroxeter, karibu na magofu ya mji wa Warumi, nikagusa mnyororo kwa kidole. Ulikuwa mgumu kama fimbo.

Aliye peke yake hana wa kumkalisha kwenye kiti ili yeye apime. Nilichukua mkanda wa kufungia mizigo, nikauzungusha juu ya kiti na chini ya mkono wa nyuma, nikaukaza mpaka shoki ikabonyea na vile vitu vitatu vikakaa mstari mmoja. Mchezo ulikuwa milimita 3, hata 4 haifiki. Nikalegeza nati ya ekseli, kisha skrubu za kurekebishia, nusu mzunguko kila upande, nikihesabu, maana pande mbili zisipolingana gurudumu huenda upogo na mnyororo hula sproketi ubavuni. Gurudumu halirudi mbele lenyewe. Nililisukuma kwa kisigino. Nikafungua mkanda, nikaisogeza pikipiki kidogo kidogo nikipima kila baada ya pingili chache, na penye mkazo zaidi nikatia alama ya chaki. Hapo ndipo pa kupimia: nilipaacha na milimita 30. Kabla ya kukaza nati nikabana kitambaa kilichokunjwa kati ya mnyororo na sproketi ya nyuma, nikazungusha gurudumu kinyume ili ekseli iegemee skrubu zote mbili. Bila kitambaa, ekseli husogea wakati wa kukaza na kipimo chote hupotea.

Mlio haukurudi tena. Njia kutoka hapo ni nzuri mno kwa pikipiki: kona pana, mlima Wrekin upande wa kushoto, kisha Buildwas, ambako minara minne ya kupoozea ya kituo cha umeme bado ilikuwa imesimama, zege lake likiwa limetiwa rangi nyekundu lifanane na udongo. Desemba ya mwaka huohuo ilibomolewa.

Kabla ya daraja nilikata kushoto kwenda Coalbrookdale, kwenye tanuri la zamani. Anayeanza na daraja huona umbo lake tu. Tanuri ndilo linaloeleza lilivyowezekana. Hapa mwaka 1709 Abraham Darby wa kwanza aliyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya mkaa wa miti. Makaa ya mawe yakitiwa mabichi, salfa yake huingia kwenye chuma na kukifanya kivunjike. Yakichomwa kwanza kwa hewa haba, sehemu kubwa ya salfa hutoka. Tena koki ni ngumu, haipondwi upesi na uzito wa mawe ya chuma yaliyo juu yake, kwa hiyo tanuri laweza kuwa kubwa zaidi na hewa ya mivukuto bado ikapenya. Biashara ya Darby ilikuwa vyungu vya chuma vya kupikia, vilivyosubiwa, yaani chuma kilichoyeyuka kikimiminwa kwenye kalibu za mchanga. Mjukuu wake, Abraham Darby wa tatu, ndiye aliyesubu daraja.

Daraja limefungwa kwa magari na pikipiki tangu 1934, kwa hiyo chombo huachwa pembeni. Bonde lina miteremko mikali. Niliegesha pua ikielekea mlimani, gea ya kwanza ikiwa ndani, ili stendi isijikunje.

Daraja lilisimikwa mwaka 1779 na kufunguliwa tarehe 1 Januari 1781. Upana wa tao ni mita 30.6, chuma ni zaidi ya tani 378, vipande kama 1,700. Mbavu kuu ni tano, kila moja ya nusu mbili zenye urefu wa mita 21 hivi na uzito wa zaidi ya tani 5. Siku hiyo lilikuwa na rangi nyekundu iliyoiva, iliyorudishwa na ukarabati wa 2017 na 2018.

Shuka chini, kwenye njia ya kando ya mto, uangalie viungo. Waliolijenga hawakuwa na mfano wa chuma wa kuiga, wakafanya kama maseremala: ulimi umeingia kwenye tundu, ncha iliyopanuka kama mkia wa ndege imelala ndani ya mfereji wake, na kabari za chuma zimepigwa kujaza nafasi. Niliweka macho karibu na kiungo kimoja: ulimi haukujaza tundu, pembeni pamebaki mwanya, na kabari ndiyo inayobana. Kila kipande kilisubiwa kukidhi mahali pake, hata vinavyoonekana pacha havilingani.

Ukiendelea kutazama utaona vyuma bapa vilivyofungwa juu ya nyufa. Chuma cha kusubu hustahimili sana kugandamizwa, lakini kikipindwa au kuvutwa hupasuka ghafla. Na vilima vya bonde hili vinasogea, kila upande ukilisukuma daraja kuelekea mtoni. Katika miaka ya 1970 walijenga tao la zege lililopinduliwa chini ya mto, kati ya nguzo na nguzo, kuzizuia zisikaribiane.

Kwenye nyumba ya ushuru, ng'ambo ya kusini, ubao wa viwango bado upo. Unasema wanajeshi walipe, na jamaa wa mfalme pia.

Nilirudi kwenye pikipiki, nikaipima ile alama ya chaki, milimita 30, nikakaza nati ya ekseli robo tena na kuwasha.