Louis de Funès, Shefu Tunayemfahamu

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hapa Lubumbashi chini ya shefu wa aina ile tunayoifahamu, anayewafokea vijana wa ofisi tangu asubuhi kisha sauti ikamlainika ghafla mkurugenzi anapopita mlangoni, hahitaji kuelezwa kwa nini Louis de Funès, mchekeshaji wa sinema za Kifaransa, anachekesha. Shefu huyo ndiye aliyemwigiza miaka nenda miaka rudi. Alimvika sare ya jandarme, suti ya mwenye kiwanda, koti jeusi la kiongozi wa okestra, hata joho la waziri wa Hispania ya zamani, lakini aliyemo ndani ya mavazi hayo ni yuleyule: mkali kwa walio chini yake, mnyenyekevu kwa walio juu yake, na mwoga kuliko wote hatari inapobisha hodi. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu ameniomba nimwambie filamu zake zipi ni bora, kwa kuwa yeye anazijua zile za majandarme tu, na jibu limekuwa refu mno kwa ujumbe wa simu.

De Funès alichelewa sana kuwa nyota. Alizaliwa tarehe 31 Julai 1914 huko Courbevoie, karibu na Paris, kwa wazazi waliotoka Hispania, na kabla ya sinema alikuwa mpiga piano katika baa za usiku. Kuanzia miaka ya 1940 alipita katika filamu nyingi akiwa mtu wa kuonekana dakika mbili na kutoweka. Umaarufu mkubwa ulimfikia mwaka 1964, mwaka aliotimiza miaka 50. Naamini kusubiri huko ndiko kulikomfundisha tabia za shefu, kwa maana aliyekaa muda mrefu akipokea amri huwajua watoa amri kuliko wanavyojijua wenyewe.

Shefu huyo anaonekana mapema, katika La Traversée de Paris ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Claude Autant-Lara. De Funès ni Jambier, mwenye duka la vyakula ambaye, wakati Paris imekaliwa na Wajerumani, anachinja nguruwe kwa siri chini ya nyumba yake ili nyama iuzwe kwa magendo. Mbele ya mbebaji maskini aliyeigizwa na Bourvil, Jambier anajifanya tajiri asiye na muda. Kisha Jean Gabin, aliyeletwa pale kama msaidizi tu, anadai pesa zaidi, na anapokataliwa anaanza kulitaja jina la Jambier pamoja na anwani yake, 45 rue Poliveau, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, ilhali nje usiku ni kimya na kila neno linaweza kumfikia askari. Utazame uso wa De Funès hapo. Mabega yanashuka, mikono inaomba, macho yanakimbilia mlangoni, na hatimaye noti zinatoka. Si mhusika mkuu wa filamu ile, na onyesho lenyewe ni fupi, lakini kila kitu alichokuja kukifanya baadaye tayari kimo.

Le Gendarme de Saint-Tropez, ya Jean Girault, ndiyo iliyomfungulia mlango mwaka 1964. Ludovic Cruchot anawanyanyasa majandarme walio chini yake na kujipendekeza kwa mkuu wake, adjudanti Gerber, aliyeigizwa na Michel Galabru. Zilifuata nyingine tano hadi mwaka 1982, nazo ndizo watoto wetu wanazozijua zaidi, hasa kwa ajili ya yule sista anayeendesha gari kana kwamba ameaga dunia tayari. Mimi napendekeza ya kwanza tu. Zilizobaki zinaishi kwa kurudiarudia, na De Funès mwenyewe, akikosa hadithi ya kumbana, hubaki akipiga kelele. Mwaka huohuo alitokea pia katika Fantômas akiwa komishna Juve, ambapo nyota alitakiwa awe Jean Marais, mwenye kuigiza mwandishi wa habari na mhalifu kwa pamoja. Watazamaji wakaishia kumkumbuka komishna.

Sisi watu wa Lubumbashi tuna faida moja katika kumtazama mtu huyu. Waliokulia kwenye vichekesho vya kundi la Mufwankolo, redioni na kwenye televisheni, wamezoea kuona mkubwa anayejiona akivuliwa ukubwa wake hatua kwa hatua mbele ya wadogo. Mama yangu mkubwa, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye salamu, humfuata De Funès bila kutafsiriwa chochote, kwa sababu hasira yote imo mikononi na puani. Siku moja aliniuliza, «Baba, huyu mzee anamdai nani?» Sijasikia uchambuzi bora kuliko huo.

Sasa nifike kwa Gérard Oury, kwa kuwa huyu ndiye mwongozaji aliyemfaa De Funès kuliko wote. Alielewa kwamba mkali akiachwa peke yake anachosha, na kwamba anahitaji mtu mtulivu wa kumgongea kichwa. Mtu huyo alikuwa Bourvil. Katika Le Corniaud ya mwaka 1965, Bourvil anaondoka Paris kwa furaha kwenda likizo Italia kwa gari dogo la 2CV, na kabla safari haijaanza vizuri anagongwa na gari kubwa la mfanyabiashara Saroyan. 2CV haibonyei, inasambaratika yote kwa mara moja, milango huku, magurudumu kule, na Bourvil anabaki amekaa, usukani mkononi. Anasema tu kwamba sasa gari halitatembea vizuri kama zamani. Saroyan, ambaye ni De Funès, anamfidia kwa kumpa Cadillac aitoe Napoli hadi Bordeaux, bila kumwambia kwamba imejazwa dhahabu, heroini na almasi za wizi. Kasoro ya filamu hiyo ni kwamba wawili hao hawakutani vya kutosha.

La Grande Vadrouille iliirekebisha kasoro hiyo mwaka 1966, na ndiyo ninayoiweka juu ya zote. Marubani wa Uingereza wanaangukia Paris kwa miavuli wakati wa vita; mmoja anamwangukia Augustin, fundi wa kupaka rangi nyumba, na mwingine anajificha katika jumba la Opera, kwa Stanislas Lefort, kiongozi wa okestra. Tangu hapo fundi na bwana mkubwa wanalazimika kukimbia pamoja kuelekea kusini, mahali ambapo Wajerumani hawajafika. Onyesho la kwanza la Stanislas akiongoza muziki wa Berlioz linanishangaza kila mara, kwa sababu halina mzaha: aliyekuwa mpiga piano wa baa anaongoza kwa dhati, na kiburi cha mhusika kinapata msingi. Baadaye, porini, Stanislas analalamikia viatu vyake mpaka Augustin, mwema kupita kiasi, anakubali kubadilishana, na mara bwana mkubwa anatembea kwa raha huku fundi akichechemea nyuma. Mbele kidogo wanaruka ukuta, De Funès anaangukia mabega ya Bourvil na kubaki hapo, akibebwa, akitoa maelekezo kutoka juu. Hilo halikuwa katika mswada. Lilizaliwa wakati wa kupiga picha, nao wakaendelea. Sijui picha nyingine inayoeleza uhusiano wa shefu na mfanyakazi kwa ufupi kama ile, na anayechekesha zaidi ndani yake ni Bourvil, anayezidi kutembea.

Tiketi zaidi ya milioni 17 ziliuzwa Ufaransa. Hakuna filamu iliyoipita huko mpaka Titanic, mwaka 1998, na kati ya filamu za Kifaransa rekodi yake ilidumu hadi mwaka 2008.

Bourvil alifariki mwaka 1970, kabla ya kuanza La Folie des grandeurs, ambamo angekuwa mtumishi wa De Funès. Nafasi yake ilichukuliwa na Yves Montand, na filamu ikatoka mwaka 1971, ikiwa na rangi za kupendeza na sehemu ya kati inayolegea. Hata hivyo inafaa kutazamwa kwa ajili ya asubuhi moja tu: waziri Don Salluste, mkusanyaji kodi asiye na huruma, amelala, na mtumishi anamwamsha kwa kuchezesha vipande vya dhahabu karibu na sikio lake. Anaamka akitabasamu. Ndani ya mtu huyo hakuna kingine cha kuamsha.

Les Aventures de Rabbi Jacob ilitoka Oktoba 1973, vita vikiendelea kati ya Israeli na majirani zake, jambo lililofanya uzinduzi wake uwe na wasiwasi mwingi. Victor Pivert, mwenye kiwanda, anamdharau kila asiyefanana naye. Mtazamaji Mwafrika anaguswa mapema, katika foleni ya magari, Pivert anapoona harusi ya watu wa rangi mbili na kushindwa kuficha karaha yake, huku akijiona si mbaguzi hata kidogo. Dereva wake, Salomon, anapomwambia kwamba yeye ni Myahudi, Pivert anashtuka, anafikiri, kisha anatoa neema: haidhuru, nitakubakisha kazini. Namna anavyolitamka, kana kwamba anatoa sadaka, ndiyo inayonifanya niione filamu hii kuwa kali kuliko hotuba nyingi. Kisha anatumbukia katika tangi la chingamu ya kijani, anavaa ndevu na kofia ya rabi, na analazimika kucheza dansi katikati ya watu aliowadharau. Dansi ile aliicheza vizuri sana, akiwa na umri wa karibu miaka 60. Ninaiweka ya pili, na sitagombana na anayeiweka ya kwanza.

Mwaka 1975 moyo wake ulimsaliti, na madaktari wakamkataza jukwaa la tamthilia. Alirudi mwaka 1976 na L'Aile ou la cuisse, ya Claude Zidi, akiwa Charles Duchemin, mwandishi wa mwongozo wa mikahawa, na Coluche kama mwanawe anayetaka kuwa mchekeshaji wa sarakasi. De Funès wa hapa amepunguza mwendo, na upole huo unamfaa. Adui ni Tricatel, anayetengeneza kuku na samaki kiwandani kwa kuwamimina katika kalibu, na kila ninapoona mashine zile nawakumbuka kuku wa barafu wanaouzwa kwenye masoko yetu, wasiojua jogoo, tunaowaweka pembeni ya bukari na kuwasifu kwa sababu ya pilipili.

L'Avare, ya mwaka 1980, aliitamani kwa miaka mingi kwa kumpenda Molière, mwandishi wa tamthilia hiyo, na hata akashiriki kuiongoza, lakini kwangu imebaki tamthilia iliyopigwa picha. La Soupe aux choux ya mwaka 1981 ilidharauliwa na wachambuzi kwa sababu wazee wawili wa kijijini wanakula supu ya kabichi, wanajamba usiku, na mgeni wa sayari nyingine anashuka kuitikia mwito. Mimi naipenda kwa dakika ambazo De Funès na Jean Carmet wamekaa nje wakizeeka pamoja bila kupiga kelele. Humo hana cheo na hana wa kumwamuru.

Kwa hiyo, mpwa wangu, anza na La Grande Vadrouille, itazame na mama zako sebuleni, kisha Rabbi Jacob ukiwa na marafiki wanaopenda kubishana. Oscar ya mwaka 1967 iache mpaka umeshamzoea, kwa kuwa ni hasira tupu ndani ya nyumba moja, ikiwa na onyesho ambalo anajivuta pua ya kufikirika hadi inakuwa ndefu kama kamba, na asiyemjua anaweza kudhani mtu huyu ni mgonjwa.