Siku baba alipopanda kilima kwa boti

Juzi usiku mwanetu mdogo kaniuliza: "Babu si alikuwa nahodha? Mbona huku hakuwahi kupanda chombo?" Nikamwambia aliwahi, pale Tardebigge, huku huku Uingereza. Akaridhika, akalala. Mimi usingizi ukanipaa.

Mnamjua baba kwa habari zake za jahazi: boriti za Rufiji, Unguja, kusi na kaskazi. Alipokuja kututembelea Birmingham, baridi ilimfungia ndani. Siku nzima yuko dirishani, kama abiria aliyeshushwa bandari isiyo yake. Iliniuma. Jirani yetu, mzee mstaafu mwenye boti yake mferejini, ndiye aliyesema tumchukue.

Boti za huko ni nyembamba ajabu. Upana ni mita 2 na kidogo tu, maana ndicho kipimo cha loki za zamani, vile vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti, lakini kwa urefu zinalipita basi. Baba aliikagua kutoka omo hadi tezi, akagonga ubavu wa chuma kwa kifundo cha kidole. Alipoiona kana, ule mpini wa usukani, akatabasamu. Hakuigusa.

Tardebigge ina loki 30 zinazofuatana kupanda kilima, mfululizo mrefu kuliko yote Uingereza, kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham uliokamilika mwaka 1815. Unaingiza boti katika chumba kilichojengwa kwa matofali, unafunga milango nyuma yako, unazungusha mpini wa chuma kufungua vilango vidogo vya upande wa juu, na maji ya juu yanaingia. Boti inanyanyuka karibu mita 2. Unatoka, unaingia nyingine. Hakuna mota inayosukuma maji, ni uzito wake na mikono yenu.

Loki za mwanzo baba alikaa botini, kimya, macho juu ya kuta zenye ukoga. Kisha akaomba kushuka.

Mlango wa juu unafunguliwa kwa kusukuma boriti nene iliyotokeza nchi kavu. Baba akaipapasa ile boriti, akageuka, akaiegemeza mgongo. Jirani, ambaye kila mara alikuwa akianza kusukuma mapema, akaja kumsaidia. Akasukuma mpaka uso ukawiva. Mlango haukutikisika.

"Mwambie aache," baba akaniambia. "Bado."

Hakuwa anautazama mlango. Alikuwa anatazama maji ndani ya chumba. Yalikuwa yakichemka kwa nguvu, povu la rangi ya chai, boti ikivutana na kamba zake. Polepole mchemko ukalegea. Viputo vikapungua. Jani moja lililokuwa likizunguka pembeni likaanza kwenda taratibu, likasimama. Mimi niliona yametulia, nikafungua mdomo kusema. Baba akainua kiganja. Tukasubiri, sijui muda gani, hata mlio wa maji chini ya ukuta ukakatika.

"Maji yamesimama," akasema. Ndivyo walivyosema baharini, kati ya kujaa na kupwa.

Akakaza visigino kwenye matofali, akajiegemeza tu. Mti ule wote ukaanza kwenda naye, bila sauti. Mzee wa miaka sabini na kitu.

Jirani alinieleza baadaye kwamba hakuna mtu anayeweza kuufungua mlango ule kabla maji hayajalingana pande zote mbili, kwa kuwa maji yenyewe ndiyo yanayoubana. Baba hakuwa ameelezwa na yeyote.

Loki zilizobaki zote alifungua yeye. Juu kabisa, kabla ya handaki, jirani akamwachia kana. Akatuvusha gizani bila kugusa ukuta, na nikajua yule ndiye baba niliyemjua utotoni, aliyekuwa akirudi Pangani na harufu ya lami na chumvi.

Nilidhani nimempeleka kumfariji. Siku hizi sina hakika nani alimpeleka nani. Mwaka ule nilikuwa na mambo yangu ninayoyasukuma kwa nguvu zote, na baba aliyajua, ingawa hatukuyazungumza. Dada anasema aliporudi nyumbani hakusimulia kilima wala handaki. Kila mgeni alisimuliwa ule mlango, na kila mara alimalizia kwa kunitaja mimi: "Na kijana alikuwapo, aliona." Sikupata kumuuliza alitaka nione nini.