Simbilisi Kumi na Mmoja

Papa, baba yangu, alikufa mwaka 2013 kwenye milima ya Ngomo, njia ya kwenda Uvira. Lori lake liliacha barabara. Mengine sikuambiwa, wala sikuuliza. Nilikuwa na miaka 15, kifungua mimba. Kabla hata maiti haijafika mtaani kwetu Kadutu, baba wadogo na wajomba walinishika bega mmoja mmoja: "Jikaze. Sasa wewe ndiye papa wa nyumba." Papa wa nyumba! Hata ufunguo wa mlango sikuwa nao.

Kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, simbilisi, vijinyama kama sungura wadogo wasio na mkia (shuleni tulifundishwa tuseme kobayi), hufugwa jikoni, pembeni ya moto, kwa sababu wanapenda joto na sisi nafasi nyingine hatuna. Mtoto hupewa jike mmoja, akamlisha maganda ya ndizi na majani ya viazi vitamu. Baada ya miezi kama miwili anazaa, na mwaka ukiisha mtoto ana cha kuuza apate madaftari. Mimi nilikuwa nao kumi na mmoja. Yule wa kwanza papa alinijia naye kutoka sokoni, ndani ya mfuko wa koti.

Siku ya tatu ya kilio niliingia jikoni kuchota maji. Simbilisi wakisikia hatua za mwenye majani hupiga kelele, kwii kwii, hadi uwatupie. Siku ile, kimya. Wageni walikuwa wengi na mboga haikutosha. Sikusema neno. Papa wa nyumba analalamikaje juu ya mboga ya wageni?

Miezi minne baadaye mama alinisukuma niende kwenye kikundi cha vijana waliofiwa, kilichokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa tisa. Kiongozi wetu tulimwita Mama wa Jumamosi. Nilikwenda nimejiandaa kwa mawaidha. Yeye akafunua kikapu, akatoa simbilisi mweupe mwenye baka jeusi jichoni. Kanuni yake ilikuwa fupi: anayempakata aseme akitaka, anyamaze akitaka, na ni marufuku mtu kumwambia mwenzake "jikaze".

Msichana wa Cimpunda alikaa naye muda mrefu, hakusema lolote, akampitisha. Kijana mmoja alimnong'oneza kwamba tangu kaka yake azikwe usingizi hauji, maana hakuna anayekoroma.

Akafika mapajani kwangu. Simbilisi akiogopa anaganda kama jiwe. Moyo tu ndio nilioupata kiganjani, ukienda mbio. Nikafungua mdomo niseme habari za papa, yakatoka mengine: "Walikula wangu wote." Nikalia kwa kwikwi, mimi ambaye kaburini sikutoa chozi. Niliwataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Nilipofika kwa yule wa mfuko wa koti, sauti ikakatika.

Kijana wa Bagira akasema, "Mimi walinichinjia mbuzi wangu. Halafu wakaniletea kichwa, eti heshima."

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka hadi Mama wa Jumamosi naye akajifunika uso kwa kitenge. Simbilisi alikuwa ameshaanza kutafuna upindo wa shati langu.

Nilihudhuria Jumamosi nyingi baada ya hiyo. Siku moja nilirudi nyumbani na jike mchanga ndani ya kikapu. Mama akachungulia.

"Huyu ni wa kula au wa minervali?" Yaani karo ya shule.

"Wa kukaa."

Aliniangalia kidogo, kisha akakivuta kikapu karibu na moto.

Wiki haikupita. Alfajiri nikasikia mama akiongea jikoni, kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama mtu anayemsimulia mgeni habari za nyumbani. Nikadhani shangazi amefika kutoka Walungu. Nikasikia jina la papa, halafu, kwii.

Nikajivutia blanketi kichwani, nikangoja amalize ndipo niende kuoga.