Sonona, mbalamwezi na mfumo wa dagaa: nilivyoipanga kazi yangu Kigoma

Mfumo tunaouendesha unaandika mauzo ya dagaa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga. Mchuuzi anapiga nyota na reli, anaingiza idadi ya ndoo na bei, malipo yanapita kwenye simu. Ninauendesha nikiwa na sonona, ugonjwa wa akili unaoondoa furaha na hamu ya mambo. Vyote viwili vinakaa pamoja kwa sababu niliacha kujiuliza kampuni inaweza kukua mpaka wapi, nikaanza kujiuliza inanitosha ikifika wapi. Swali hilo jibu lake ni hesabu.

Nilichukua taarifa ya miamala ya miezi 12, ya simu na ya benki, nikatenga matumizi: nyumba na chakula, ada, matibabu, wazazi na ndugu. Jumla nikaigawa kwa 12, nikaongeza robo. Huo ndio mshahara wangu. Kando yake ipo akiba ya gharama za kampuni za miezi 4. Nilichagua 4 kwa sababu mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na ziwa likifunguliwa wachuuzi hawainuki siku hiyohiyo. Kinachozidi hapo kinalipa mtaalamu wa pili wa programu, yaani kinanunua usingizi wangu. Fungu ambalo watu husahau ni la wazazi na ndugu. Ukiliacha nje, kiwango chako kitakuwa cha uongo, na mwezi wa tatu utasaini mkataba mbovu ili kuziba pengo.

Mkataba wa huduma ya saa 24 niliukataa kwa hesabu hiyohiyo. Sonona inaua ladha ya kitu kabla kitu chenyewe hakijafika. Fedha ikiongezeka wakati ladha haipo, kinachoongezeka ni zamu za usiku tu, na usingizi uliokatika unaweza kuurudisha ugonjwa.

Usiku ndiko kazi yetu inakobana. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, mitumbwi hurudi alfajiri, na kuanzia saa 11 mialo imeshachangamka. Kwa hiyo tuligawa taarifa za hitilafu mafungu mawili. Malipo kutopita na menyu kutofunguka: hizo ndizo pekee zinazoruhusiwa kumwamsha mtu. Seva inajikagua kila dakika 5, ikikwama inajiwasha upya, ikishindwa mara 3 mfululizo inapiga simu ya mwenye zamu. Ripoti zilizochelewa, meseji zilizorudi, malalamiko ya bei, yote yanasubiri saa 3 asubuhi. Wiki za mwanzo tulikosea: tuliweka kila kitu kwenye fungu la kwanza, simu ikalia mpaka mwenye zamu akaizima, na hitilafu ya kweli ikapita bila mtu kujua.

Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa vizuri, wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa. Mabadiliko yote makubwa ya mfumo tunayafanya mbalamwezi, kisha ninapumzika siku 3 kamili. Kalenda ya ofisi yetu inafuata mwezi wa angani, na ninaipenda kuliko yoyote niliyowahi kuitumia.

Hali yangu ninaipima kwa dodoso la PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Ninalijaza kila baada ya wiki 2, Jumapili saa 1 jioni, kwenye daftari. Saa ibaki ileile, kwa maana sonona ya baadhi ya watu huwa nzito asubuhi na alama zinaweza kuyumba ukibadilisha. Chini ya 10, kazi kama kawaida. Ikifika 10, sisaini mkataba mpya wala mkopo. Ikifika 15, mwenzangu wa kampuni anashika saini na ninakwenda kliniki ndani ya wiki hiyo. Malaria inaweza kupandisha alama za swali la 3, la 4 na la 5, yaani usingizi, uchovu na hamu ya chakula, kwa hiyo ninapima damu kabla ya kuilaumu akili. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hilo halingoji jumla. Likizidi sifuri, ninamwandikia mwenzangu papo hapo: "Dada, namba 9 leo si sifuri." Siachwi peke yangu, dawa anashika yeye, tunakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa niliyoandikiwa ni fluoksetini miligramu 20, asubuhi, baada ya kula. Kichefuchefu na wasiwasi huja siku za mwanzo, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Watu huacha dawa katika nyakati mbili: wiki ya 2 kwa kuona haifanyi kazi, na mwezi wa 3 kwa kuona imeshafanya. Ushauri wa kitabibu ni kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, kisha kupunguza polepole na daktari. Mwambie daktari kila dawa nyingine unayomeza; tramadoli ya maumivu ikichanganywa na hii inaweza kuleta hatari kubwa. Ninaagiza upya zikibaki vidonge 10, maana duka la dawa likiishiwa, mzigo unaweza kuchelewa njiani.

Kilichobaki kinaonekana kidogo, lakini ndicho kinachorudisha ladha. Saa 12 jioni ninatembea dakika 20 kuelekea ziwani na kurudi, nikiwa na hamu au sina. Kabla ya kutoka ninaandika alama ya furaha ninayoitarajia, 0 hadi 10. Nikirudi ninaandika niliyoipata. Karibu kila ukurasa namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Asubuhi ambazo kichwa kinasema hakuna maana ya kutoka, ninafungua daftari hilo kabla ya kufungua kompyuta.