Umelinyoosha

Jana binti yangu alisimama stoo chini ya lile bawa, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja.

"Baba, hili bawa limepinda."

"Ndiyo."

"Hapa tu lakini, upande wa kulia karibu na katikati. Huku kwingine kote limenyooka."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukulinyoosha?"

Nilikuwa na chupa ya mafuta ya nyonyo mkononi, natafuta kizibo chake. Nikaiweka chini. "Nililinyoosha," nikamwambia, nikaenda kuvuta kiti.

Bawa ni la ile Zipper ya mjomba, ndege ndogo ya mfano, ya mbao na karatasi, inayopaa yenyewe. Siyo ya kipimo kamili. Ile aliyoichora Carl Goldberg mwaka 1938, iliyouzwa na kampuni ya Comet huko Marekani, ilikuwa na bawa la takriban mita 1.37 kutoka ncha hadi ncha. Mjomba aliipunguza hadi robo tatu ili iendane na injini aliyokuwa nayo, Mills ya dizeli ya sentimita za ujazo 1.3. Najua wapo watakaonuna hapa. Mills ilitoka mwaka 1946, na ndege ya 1938 ilistahili injini ya cheche, pamoja na koili yake na betri zake. Mjomba aliyasikia malalamiko hayo maisha yake yote na jibu lake lilikuwa moja: "Betri hazipai." Dizeli haina cha kubeba zaidi ya tangi na mafuta yake: theluthi etha, theluthi mafuta ya taa, theluthi mafuta ya nyonyo. Harufu ya mchanganyiko huo haitoki kwenye shati. Hata ile chupa, kizibo kimepotea siku mbili tu na stoo nzima ilikuwa inanuka mjomba.

Tuliitana hivyo sisi kwa sisi. Yeye mjomba, mimi mjomba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mkono wangu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi. Nilikuwa nimejenga ndege mbili za kuzungushwa propela kwa mpira na kielea kimoja kisicho na injini, na kila kitu changu kilikuwa kimenyooka. Nilijivunia hilo kupita kiasi. Ile Zipper ilipochanika bawa kwenye miiba, mjomba aliniletea mimi, limefungwa kwenye gazeti, akasema tu: "Livishe upya." Ndani ya gazeti mlikuwa na karatasi ya tishu, wembe mpya, na kijiti kidogo cha balsa, ule mti mwepesi, kilichochongwa kama kabari: upande mmoja mwembamba kama ukucha, upande mwingine milimita 3. Hakikuandikwa kitu.

Kile kijiti nilikitumia kukorogea dopi, ile vanishi ya kukazia karatasi ya bawa.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na sisemi hivyo kwa kujitetea. Nilibandua karatasi yote ya zamani, nikasugua mbavu kwa msasa mwororo, nikalivisha tishu mpya nyuzi zake zikifuata urefu wa bawa, nikainyunyizia maji ikakaza. Kabla ya kupaka dopi nililiinua bawa usawa wa macho, nikaona ile kasoro. Kipande cha kulia cha ndani kilikuwa kimejisokota: ukingo wa mbele umenyanyuka na wa nyuma umeshuka kidogo. Kipande cha kushoto hakikuwa hivyo. Nilimwonea mjomba huruma. Niliwaza, mzee macho yamechoka, amepaka dopi bila kulibana bawa, likajikunja lenyewe.

Nikachemsha maji. Nikalipitisha bawa kwenye mvuke, nikalisokota kinyume taratibu, nikalilaza kwenye ubao uliotandikwa karatasi ya nta, nikalibana kwa pini pande zote. Nikapaka dopi iliyozimuliwa nusu kwa nusu, mikono mitatu, nikaliacha siku nne. Nilipong'oa pini halikusogea hata unywele. Siku zile sikuwa nimewahi kuona kitu kilichonyooka kama lile bawa.

Jioni ya kurusha, upepo ulikuwa umelala. Nilifika kabla yake. Nikaijaribu kwa mkono kwanza bila injini, kama ilivyo kanuni: unakimbia hatua tatu, unaielekeza pua kidogo chini, unaiachia juu ya nyasi ndefu. Iliteleza vizuri ajabu. Ilichukua mzingo mpana wa kulia, ikatua kwa tumbo bila kuruka. Mara tatu, na mara zote tatu sawa. Kwangu huo ukawa ushahidi.

Kanuni inaendelea, na niliijua. Bawa likivishwa upya, hata kama ndege ni ya miaka mingapi, unaanza upya: injini nusu nguvu, taima ya kuizima injini sekunde 4, unatazama, unabadilisha kitu kimoja, unarudia. Ndege hizi hazina rubani wala rimoti. Ukishaiachia, kila ulichotaka kuiambia kinapaswa kuwa kimeshasemwa mezani. Lakini ilikuwa imeteleza vizuri mno, na jua lilikuwa linazama. Niliweka taima sekunde 10. Nikaipiga propela kwa kidole, injini ikawaka mara ya tatu. Nikakaza skrubu ya mgandamizo kidogo, kidogo tena, hadi mlio ukanyooka.

Hapo ndipo mjomba akafika, anatembea haraka kidogo. Siku zote alikuwa akiitazama ndege kabla injini haijawashwa. Safari hii aliikuta inanguruma. Aliipokea kwangu kwa nyuma, akaishika kiunoni, akaiinua mkia ukielekea usoni pake, akafumba jicho moja. Sijui alitazama kwa muda gani. Moshi wa etha ulikuwa unampitia usoni na hakupepesa. Kisha akasema:

"Umelinyoosha."

Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Kwa sauti kubwa, maana injini ilikuwa inalia, na kwa furaha, maana niliona amenisifu.

Akanirudishia ndege. Akawasha utambi wa mkia kwa sigara yake, akarudi nyuma hatua mbili.

Nikaiachia.

Sekunde ya kwanza ilikuwa sawa kabisa. Ilitoka mkononi kama iliyochelewa mahali, pua juu, ikaanza kuzunguka kulia inavyotakiwa, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao, ila hii inaingia juu. Sekunde ya pili mzingo ukawa mdogo. Sekunde ya tatu ndiyo niliyonayo mpaka leo. Ilikuwa imefika juu ya usawa wa miti mirefu na ikalala ubavu, bawa la kulia likielekea ardhini, la kushoto likielekea mbinguni, na jua lililobaki likaipiga kwa nyuma. Karatasi ikawaka rangi ya chungwa. Nikaona kila ubavu, mmoja mmoja, na mihimili, na gundi kwenye viungo, na kila kitu kimenyooka. Nikawa na muda wa kuwaza kwamba ni nzuri. Kweli niliwaza hivyo. Ilikaa pale kama inayojiuliza.

Halafu pua ikazama. Ikafanya nusu mzunguko ikishuka, mlio wa injini ukapanda, ukawa mwembamba, ukakatika.

Nilikimbia. Mjomba hakukimbia, lakini sauti yake ilinipita njiani: "Usiizungushe!" Injini, yaani. Mtu akifika kwenye ndege iliyoanguka, mkono huenda wenyewe kwenye propela kuona kama bado inazunguka, na mchanga ulioingia kwenye tundu la moshi unachora silinda, basi Mills imekwisha. Sikuizungusha. Nilipiga magoti tu. Propela ilikuwa imevunjika ncha zote mbili, pua imezama hadi kwenye tangi. Mipira iliyolifunga bawa juu ya nguzo yake ilikuwa imefanya kazi yake, bawa limechomoka na kuruka mbele. Kipande cha kulia cha ndani kilikuwa kimevunjika penye shina.

Mjomba akafika, akavua leso, akaifunga injini kama mtu anayefunga kidonda. Hatukusemezana. Tulikuwa tumechuchumaa hivyo, kila mmoja anaokota vijiti vyake, tukasikia *tap*. Utambi ulikuwa bado unafuka. Ulikuwa umeunguza mpira wake kwa wakati uleule tuliouwekea, na bawa la mkia, ambalo halikuwa limeumia hata kidogo, likajiinua digrii 45 kama lilivyofundishwa, ili ndege isichukuliwe na hewa ya joto ikapotea.

"Haya," mjomba akasema, "imeshuka."

Sikumbuki kama nilicheka. Yeye hakucheka.

Maelezo ya kilichotokea niliyapata baadaye, na mengi niliyapata mwenyewe. Zipper ile ilipaa kwa kuzunguka kulia. Ukizunguka kulia, bawa la kulia ndilo la ndani, ndilo linaloenda polepole, ndilo linalotaka kuzama. Zile milimita 3 za kujisokota zililiongezea mnyanyuo, na ndege inavyokwenda kasi ndivyo nyongeza hiyo inavyokua. Ndiyo maana nilipoirusha kwa mkono haikuonyesha dalili. Kwenye mwendo wa kuteleza, milimita 3 ni karibu na bure. Injini ikiwa wazi, ndizo zinazoishikilia isilale. Mjomba alikuwa ameziweka makusudi, jioni baada ya jioni, nusu milimita kwa nusu milimita. Na kile kijiti cha kabari kilikuwa cha kuweka chini ya ukingo wa mbele wakati dopi inakauka.

Alilijenga bawa upya mwenyewe, nami nikiwa nimekaa kando. Wakati wa kupaka dopi ulipofika, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa kijiti. Ncha yake ilikuwa na dopi iliyoganda, nene kama kidole. Akaitazama. Akachukua wembe, akaikwangua taratibu hadi ikawa nyembamba tena, akakisukuma kijiti chini ya ukingo, akaendelea.

Baada ya hapo ndege ile ilipaa vizuri, mara nyingi, kwa miaka. Hayo si ya leo. Ilipozeeka na kulowa mafuta mwili ukawa mzito, tukaipumzisha. Mjomba ametangulia. Mwili wa ndege umeliwa na wadudu, Mills bado ninayo, bawa liko ukutani.

Wapo niliowasimulia wakasema mzee alikuwa ananifundisha. Labda. Lakini mimi nilimjua, na simwoni mtu yule akiizika Mills ardhini ili kumfundisha mtu kitu. Angenizika mimi kwanza. Wengine wanasema hakuona. Na kweli, mwaka ule alikuwa ameanza kuniomba nimsomee alama kwenye rula, akisingizia mwanga. Lakini kama hakuona, alisema nini basi? Wakati mwingine nawaza kwamba aliona vizuri sana, akauliza, akajibiwa "ndiyo" na kijana aliyejaa furaha, akadhani kijana huyo anajua anachofanya: kwamba amebadilisha usukani, au pembe ya injini, ana hesabu zake. Kwamba aliniheshimu, yaani. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi ya nyingine, sijui kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja zaidi ya kumuuliza. Tulikaa stoo ileile, tunachanganya mafuta, tunabishana kuhusu propela. Kila nilipotaka kuanza, nilikiona kile kijiti kwenye kikopo cha penseli.

Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akapanda kwenye kiti, akaligusa bawa pale lilipopinda, akalipitishia kidole kuja na kurudi.

"Kwa hiyo alisema 'umelinyoosha'," akasema, "au alisema 'umelinyoosha?'"

Akayarudia tena yote mawili, moja kwa kushusha sauti, lingine kwa kuipandisha, akanitazama nichague.

"Injini ilikuwa inalia," nikamwambia.